Gurudumu la Mbele

Tarehe 2 Juni

Mke wangu amenipa kiangazi kimoja. Alisema hivyo akipiga pasi sare yake ya uuguzi, bila kuinua macho: "Mashindano manne, basi. Baada ya hapo hiyo pikipiki uiuze au uifanye pambo la sebuleni, shauri yako." Yeye yuko wodi ya mifupa. Wapenda mbio za magurudumu mawili anawajua kwa namba za vitanda vyao. Nikamwambia asante, nikaenda kujifungia bafuni nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Daftari hili nimelinunua leo. Nina miaka arobaini na nne, natengeneza meno ya bandia, na sijawahi kushinda kitu chochote tangu nizaliwe. Nataka kiangazi hiki kiandikwe mahali.

Tarehe 5 Juni

Shemeji amekuja kuiangalia pikipiki. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Siku za kazi ni fundi wa lifti, mwisho wa wiki ni fundi wa waendeshaji wanane wa klabu yetu. Wanamwita Taratibu, na jina limemkaa. Leo alitumia saa nzima kwenye gurudumu la mbele peke yake. Alikaza nati moja moja, akazichora mstari wa rangi nyeupe, kisha akapita tena kuzigusa zote kwa kidole. Nikamuuliza kama anazihesabu au anazisalimia.

"Nazisalimia," akasema. Hata hakutabasamu.

Mtu mzuri, lakini ukiwa na haraka atakukata maini.

Tarehe 8 Juni, Jumamosi

Barabara tunayoshindania ni ileile ninayopita kila asubuhi kwenda kazini. Mwisho wa wiki wa mashindano inafungwa. Nguzo za umeme zinazungushiwa marobota ya majani makavu, watazamaji wanakaa kwenye vituo vya basi, na sisi tunapewa ua wa kiwanda cha mabati tuweke pikipiki zetu. Unatoka langoni, unaingia mnyooko mrefu kando ya ukuta wa ghala la saruji, kisha kona ya kwanza inakunja kulia ghafla. Baada ya hapo kuna daraja, ukuta wa shule, mzunguko mkubwa, unarudi ulikotoka. Kilomita nne.

Kabla ya mazoezi Mkaguzi Mkuu alituhutubia. Ni mzee mnene, mstaafu, na muhuri wa klabu anauvaa shingoni kwa kamba. Anaongea kana kwamba sote ni viziwi. "Gurudumu likifunguliwa, atalifunga fundi aliyesaini kadi ya pikipiki! Na atasaini upya! Na mimi nitakagua upya! Mwendeshaji akilifunga mwenyewe, namtoa nje misimu miwili! Mmesikia?" Tukasema tumesikia.

Nikaingia barabarani.

Sijui niandikeje. Jumatatu hadi Ijumaa natambaa kando ya ukuta ule nyuma ya malori, mpaka najua matangazo yote yaliyobandikwa pale, hata la mganga wa meno anayeninyang'anya wateja. Leo ukuta haukuwa na tangazo hata moja. Ulikuwa rangi tu inayokimbia pembeni mwa jicho. Upepo ulinisukuma kifua kama mtu anayenizuia mlangoni. Nilifunga breki mapema mno, nikaingia kona polepole mno, nikatoka, na nilikuwa na furaha mpaka nikaanza kuongea ndani ya helmeti.

Ndipo Mwalimu akanipita. Ni mama wa miaka hamsini na mbili, anafundisha kemia shule ya wasichana, na ndiye bingwa wetu kwa mwaka wa tano. Alinipita kwa ndani, katikati ya kona, karibu kiasi kwamba niliona mshono wa glavu yake. Mimi nilikuwa napigana na pikipiki. Yeye alikuwa ameketi tu, kichwa kimegeukia kule anakokwenda, na pikipiki imelala chini yake bila ubishi. Nilisahau kwamba niko mashindanoni. Nilimtazama mpaka alipopotelea nyuma ya daraja, nikiwa mdomo wazi kama mtoto.

Tarehe 9 Juni, Jumapili

Wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili. Mwalimu wa kwanza. Shemeji alikagua pikipiki yangu baada ya mbio kwa muda mrefu kuliko mbio zenyewe.

Tarehe 10 Juni

Nimepita kona ya kwanza nikiwa kwenye basi, nimesimama, nimeshika bomba. Nikainama kidogo kulia. Mama aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine.

Tarehe 16 Juni

Joto. Meno mawili ya juu ya mzee mmoja yamenishinda kukaa sawa. Nimeyasaga, nimeyarudia. Hakuna la maana.

Tarehe 21 Juni

Habari kubwa. Mkaguzi Mkuu anang'atuka mwisho wa msimu huu, na amemwambia Shemeji kwamba anataka kumwachia muhuri. Shemeji alikuwa ameshika spana, ikamponyoka. Sijawahi kumwona huyu mtu akiangusha kitu.

Nilipomsimulia mke wangu, alikaa kitandani akashika mashavu. "Miaka kumi na moja anausubiri. Hajawahi kuutaja kwa mtu, lakini mimi ni mdogo wake, namjua. Kaka yangu hana mke, hana gari, hana makuu. Anachotaka duniani ni kuaminiwa tu." Kisha akafuta macho na kuniambia niteremshe takataka.

Tarehe 29 Juni, Jumamosi

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo huu mwandiko wa kuku nisamehewe.

Asubuhi mazoezi yalikwenda vizuri. Nilikuwa nimeanza kuchelewesha breki kidogo pale kona ya kwanza, na kila nilipochelewesha nilijiona mtu mwingine. Kabla ya mazoezi ya pili Shemeji aliliona tairi la mbele limelika upande. Akafungua gurudumu, akabadilisha tairi, akaliegemeza kwenye pikipiki tayari kulirudisha. Hapo hapo Mwalimu akamwita, mnyororo wake umelegea. "Narudi sasa hivi," akaniambia, akaenda. Taratibu, kama kawaida yake.

Wakaanza kuita foleni. Dakika kumi. Dakika nane. Wenzangu wanawasha, ua mzima unanguruma, na mimi nimesimama na pikipiki isiyo na mguu. Nilikuwa nimemtazama akilifunga gurudumu lile mara arobaini. Nikasema moyoni, mimi natengeneza vitu vinavyokaa mdomoni mwa watu kwa unywele, kweli nitashindwa na nati nne? Nikalifunga. Nililifunga vizuri pia. Nati nilizikaza kwa nguvu zote, nikazichora na rangi.

Ila kuna jambo moja. Breki ya mbele ni kama taya mbili zinazoing'ata sahani ya chuma iliyo kwenye gurudumu. Ukitaka kurudisha gurudumu, lazima kwanza uzipanue taya. Na ukishalirudisha, lazima ubonyeze mkono wa breki mara nyingi, upampu, mpaka taya zirudi kushika. Usipopampu, mbonyezo wa kwanza hauna kitu. Kila mtu ua mzima anajua hilo. Mimi najua hilo. Ndiyo maana Shemeji husalimia nati mwanzo, halafu hupampu breki mwisho, na mimi nikiwa namtazama huwa nimeshachoka nikaangalia pembeni.

Pale langoni nilionyesha kadi yenye muhuri wa asubuhi, nikasimama kwa breki ya mguu, ile ya nyuma. Bendera ikaniruhusu. Nikavuta mafuta mpaka mwisho, ukuta ukawa rangi, na nikajiambia leo nachelewesha kuliko siku zote. Nikachelewesha. Nikabonyeza.

Mkono wa breki ulikuja wote mpaka kwenye usukani, laini, bila kukataa. Nikabonyeza tena, ukaja tena. Mara ya tatu ukaanza kushika, lakini marobota yalikuwa yameshanifikia. Nakumbuka harufu ya majani makavu na kimya kirefu. Kisha bega langu la kulia likaanza kupiga kelele.

Mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Ni mfupa mmoja tu. Waliokimbilia walisema nimshukuru aliyeyapanga yale marobota.

Nilikuwa kwenye machela, ndani ya hema la huduma ya kwanza, Mkaguzi Mkuu alipoingia na kadi ya pikipiki yangu. Shemeji alikuwa nyuma yake. Tayari alikuwa ameishika breki na kuelewa, nilimwona usoni.

"Gurudumu hili lilifunguliwa," Mkaguzi alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Hakuna aliyepampu breki. Nani alilifunga?"

Shemeji alinitazama. Alinitazama muda wa kutosha kabisa mimi kusema neno moja.

"Mimi," akasema Shemeji.

Nilifumba macho kama mtu anayeumwa sana.

Tarehe 30 Juni

Mke wangu alimkuta kaka yake kwenye korido ya wodi. Milango ilikuwa wazi, nikasikia yote. Alimwambia, "Nilimkabidhi kwako. Nilisema, yuko na kaka, kaka hasahau. Umebakiza kidogo uniletee maiti. Usikanyage kwangu." Shemeji akajibu, "Nimesikia." Nikasikia viatu vyake vikiondoka, taratibu.

Mke wangu alipoingia alinipangusa uso na kunipangia mito. Nikasema, "Usimlaumu sana." Akasema, "Wewe una roho nzuri mno."

Sijawahi kujiona mchafu kama leo.

Tarehe 4 Julai

Nimerudi nyumbani. Sijasema.

Tarehe 7 Julai

Shemeji anahudumia lifti za hospitali anakofanya kazi mke wangu. Wodi ya mifupa iko ghorofa ya tano. Leo mke wangu amerudi miguu imevimba, nikamuuliza, akasema siku hizi anapanda ngazi. "Sitaki kufunguliwa mlango nikamkuta mle ndani." Alikaa akiweka miguu kwenye beseni la maji. Nilimkanda kwa mkono mmoja. Sijasema.

Tarehe 11 Julai

Nimempigia Shemeji. Nikasema, "Shemeji, kwa nini?"

"Kadi ina saini yangu," akasema. "Pikipiki yenye saini yangu ni yangu."

"Lakini ni mimi niliyefunga."

"Najua uliyefunga. Bega vipi?"

Nikamwambia bega linaendelea. Akasema nisilale upande huo. Basi, akakata simu.

Tarehe 15 Julai

Joto limezidi. Lami mbele ya maabara imelainika mpaka inashika soli. Waendeshaji sita wameondoa pikipiki zao kwa Shemeji. Mmoja alinipigia kunipa pole, akaongeza, "Ndugu yangu, ni afadhali tulivyomjua mapema." Nikaitikia "Mm." Hiyo "mm" imenikaa kooni siku nzima.

Sijasema kwa sababu nikisema natolewa misimu miwili, na mimi nina kiangazi kimoja tu. Nimeliandika ili nilione. Linatia aibu, lakini ndivyo lilivyo.

Tarehe 20 Julai, Jumamosi

Nimekwenda mashindano ya tatu kama mtazamaji, mkono kwenye kitambaa. Katika ua, sehemu ya Shemeji, ambayo zamani ilijaa pikipiki nane, ilikuwa na moja tu, ya Mwalimu. Shemeji alikuwa amepiga goti mbele yake, anasalimia nati. Watu walipita wakikwepesha macho. Yeye hakuwakwepa. Alipanga spana zake kwenye kitambaa kwa ukubwa, ndogo hadi kubwa, kana kwamba kuna foleni inamsubiri.

Nimekaa robo saa nikiitazama mikono yake. Mwezi mmoja uliopita ningesema ni mzito. Leo niliona kwamba hakuna hata mara moja mkono wake ulipogusa kitu bila sababu. Anapampu breki mara kumi na mbili. Nilihesabu. Mara kumi na mbili, kisha anauacha mkono wa breki, anahesabu kimya, anabonyeza tena kuhakikisha haujalegea. Nilisikia woga fulani, kama ule unaokupata ukiingia mahali pa ibada ambapo si pako.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakumhama. Alikuwa anavaa glavu.

"Miaka tisa huyu anafunga gurudumu langu," akasema. "Huyu kusahau kupampu? Labda siku hiyo alikuwa mgonjwa." Akavuta kamba ya glavu. "Au hakuwa yeye."

Kisha akanitazama jinsi anavyowatazama, nadhani, wasichana walionakili majibu. Hakusema zaidi. Aliwasha, akaenda, akashinda.

Tarehe 21 Julai

Sijasema.

Tarehe 2 Agosti

Mkaguzi Mkuu amewaambia watu kwamba muhuri huenda akampa fundi mwingine, kijana mmoja mwenye gari lenye stika nyingi. "Roho inaniuma," alisema, "lakini aliyesahau kupampu siwezi kumvisha."

Tarehe 12 Agosti

Daktari ameangalia picha ya bega. Mfupa umeunga. "Unaweza kuendesha," akasema, "ingawa mimi nisingekushauri." Ndiyo habari niliyokuwa naiombea wiki sita. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali, juu kabisa. Mke wangu alikuwa anazipanda, zamu ya mchana, mkono mmoja umeshika ukuta, anapumua kwa mdomo. Hakuniona. Alipumzika kwenye kila kibaraza.

Tarehe 13 Agosti

Nimemwambia.

Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. Nilisema yote bila kujipamba: nilikuwa na haraka, nililifunga mimi, sikupampu, kaka yako alijua, aliposema "mimi" nilifumba macho. Nilitegemea atanirushia kisu. Akaendelea kumenya kitunguu kile mpaka kikaisha, ikawa hakuna kitu mkononi, maganda tu.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita napanda ngazi kumkimbia mtu asiye na kosa. Na wewe ukanikanda miguu."

"Ndiyo."

"Ulinikanda miguu, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Toka. Nenda hata hapo uani. Sitaki kukuona mpaka nimalize hivi vitunguu."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliponiita ndani macho yalikuwa mekundu na sikuuliza kama ni ya vitunguu. Akasema, "Mimi nimeolewa na mtu mwoga. Sawa, wako wengi. Lakini Jumamosi utakwenda kusema mbele ya hao hao waliomnyang'anya kaka pikipiki zao. Usinong'one kwa Mkaguzi pembeni. Mbele yao wote."

"Nitatolewa."

"Ndiyo. Utatolewa."

Tarehe 15 Agosti

Mke wangu ametumia lifti leo. Amepanda na kushuka mara nne akitumaini mlango utafunguka amkute kaka yake. Kumbe Shemeji alikuwa jengo lingine. Nikamwambia ampigie simu. "Nimwambie nini?" akasema. "Nimemfukuza kwangu, kaka yangu mwenyewe. Neno gani la kwenye simu linatosha hapo?"

Kuna mawingu mbali upande wa milima. Kiangazi kinaanza kuchoka.

Tarehe 17 Agosti, Jumamosi

Mkaguzi Mkuu alimaliza hotuba yake ya viziwi, akauliza kama kuna mwenye neno. Nilinyoosha mkono wa kulia, bega likaniuma.

Nilisema. Watu ishirini na kitu, wamevaa suti za ngozi, helmeti kwapani, na jua limeshaanza kuchoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini nilisema mpaka mwisho, pamoja na kufumba macho kwenye machela. Yule aliyenipigia simu ya pole alitazama buti zake.

Mkaguzi akaniomba kadi yangu ya uendeshaji. Nilimpa. Akaichana katikati, pasipo hasira, akatia vipande mfukoni. "Misimu miwili," akasema. Kwa umri wangu na ahadi niliyompa mke wangu, hiyo ni kusema milele, na sote wawili tulijua.

Nilitegemea Shemeji atanipa mkono. Badala yake alinivuta nyuma ya lori, amekasirika. Sijawahi kumwona amekasirika.

"Nani alikutuma?"

"Dada yako. Na mimi mwenyewe."

"Ungeendesha kesho! Ulibakiwa na kesho tu!"

"Shemeji, walikuwa wanakunyima muhuri."

Akatafuta kitambaa mfukoni, akafuta mikono isiyo na uchafu. "Sikusema 'mimi' ili kukuhurumia," akasema hatimaye. "Nikifungua lifti, naweka kibao: usiguse. Hata nikienda kunywa maji, naweka kibao. Siku ile nilikuacha na gurudumu wazi, watu wanaita foleni, na ninakujua ulivyo. Sikuweka kibao. Kosa langu lilitangulia lako."

Huyu mtu nilidhani amebeba kosa langu. Kumbe alikuwa amebeba la kwake, ambalo hakuna mwingine duniani angeliona.

Tarehe 18 Agosti, Jumapili

Asubuhi, bila sherehe wala kungoja msimu uishe, Mkaguzi Mkuu alivua kamba shingoni akamvisha Shemeji. Shemeji aliushika ule muhuri kwa vidole viwili, akautazama chini na juu, kama anatafuta nati. Kisha akaanza kazi. Watu walipanga mstari na pikipiki zao, na wale sita walikuwa mstarini na wengine, wapole kama kondoo.

Mke wangu alikuja nami. Hajawahi kuja. Alivaa kofia pana na kusimama pembeni kabisa, anamtazama kaka yake kutoka mbali, hasogei.

Nusu saa kabla ya mbio tairi la mbele la Mwalimu lilikutwa na msumari. Likabadilishwa haraka, lakini nani arudishe gurudumu? Shemeji sasa ni mkaguzi, na mkaguzi haruhusiwi kushika spana kwenye pikipiki atakayoigonga muhuri. Fundi wa stika nyingi akajitokeza mbio. Mwalimu akamwambia asante, akageuka, akanionyesha mimi kwa kidole.

"Huyu."

Watu walicheka, wakidhani ni kejeli. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikasema, "Mwalimu, nimechaniwa kadi jana."

"Wamechana kadi ya mwendeshaji. Ya fundi hujawahi kuwa nayo, hakuna cha kuchana. Na fundi huchaguliwa na mwendeshaji." Alikuwa anafunga zipu ya suti yake. "Katika ua huu wote, hakuna anayeweza kukumbuka kupampu leo kuliko wewe. Funga."

Nikapiga goti. Nikapanua taya, nikalipandisha gurudumu, nikapitisha ekseli katikati yake. Nati moja moja. Rangi. Nikapita tena kwa kidole, na sasa nikaelewa kwa nini anazigusa. Ukiigusa nati kwa kidole unamkumbuka mtu atakayeipanda pikipiki. Kisha nikapampu. Mbonyezo wa kwanza ulikuja laini mpaka kwenye usukani. Wa pili. Wa tatu ukaanza kukataa. Nilifika kumi na mbili, nikaacha, nikahesabu, nikabonyeza tena. Ulikuwa mgumu kama ukuta. Kwenye kadi, mstari ulioandikwa "fundi", nikaweka saini yangu.

Shemeji akaja na muhuri wake. Hakuniangalia. Aligusa nati zote nne. Alibonyeza mkono wa breki mara moja, akasikiliza. Akatazama saini kwa muda mrefu kuliko nati. Kisha akagonga.

Mwalimu naye akabonyeza mara moja, kwa vidole viwili, akashusha kioo cha helmeti, akaondoka.

Nilikimbia mpaka kona ya kwanza. Mke wangu alinifuata, kofia mkononi. Tulisimama nyuma ya marobota, yaleyale yaliyonipokea mimi. Najua breki ile ilikuwa imeshika. Watu watatu walikuwa wameihakiki. Lakini roho haielewi hesabu. Tukasikia ngurumo kule langoni, kisha zote ishirini na moja zikaanza kupanda sauti kando ya ukuta wa ghala, na ardhi ikatetemeka hadi kwenye magoti. Mke wangu alinishika mkono mbovu na sikulalamika.

Wakatokea. Wengine wakaanza kufunga breki, mmoja mmoja, vifua vikiinuka kutoka kwenye tangi. Mwalimu hakufunga. Bado. Nikasema, "Funga." Bado. Akawapita wawili, watatu, kichwa chini. Nikapiga kelele, "Mama, funga!" Na hapo, mahali ambapo mimi nisingethubutu hata ndotoni, vidole vyake viwili vikasogea, pua ya pikipiki ikazama, tairi la mbele likajikunja kwenye lami na kushika. Breki ilishika kwa uzito wote ule. Pikipiki ikalala kulia chini ya yule mama, goti lake likachora lami, akatupita umbali wa mita tano, ametulia, anatazama daraja.

Nililia. Nililia mbele ya watu, kwa sauti, na sikuona haya. Nimeendesha kwenye kona ile nikadhani nimeonja kitu kikubwa. Kumbe kikubwa kilikuwa hiki: kuona mtu akitupa uhai wake wote juu ya kazi ya mikono yako, na kazi ikampokea.

Nilipofuta macho Shemeji alikuwa amefika, amekaa kwenye robota la nyuma, muhuri kifuani. Mke wangu alimwona. Akamwendea mpaka akasimama mbele yake.

"Kaka. Nilikwambia usikanyage kwangu."

"Sijakanyaga."

"Nilisema umebakiza kidogo uniletee maiti."

"Nilisikia."

Pikipiki zikapita mzunguko wa pili, Mwalimu mbele. Walisubiri mpaka zikaisha kupita, kwa kuwa hakuna ambaye angesikika. Mke wangu alibaki amesimama, anaizungusha kofia mikononi. Shemeji alisogea pembeni, akapangusa majani kwenye robota, akampisha nafasi ya kukaa.

"Leo jioni," akamuuliza, "mnapika nini?"